Vitabu Ishirini na Vitatu vya Kamari

Kiriba,
S.L.P. ya Parokia,
Musoma.
10 Januari 1988

Mpwa wangu Justina,

Marahaba natanguliza mimi, shikamoo yako utaileta kwa posta. Ninyi walimu wapya mna haraka, mnasahauga.

Huku tu wazima. Mke wangu Eufrasia goti limerudi kumsumbua tangu mvua za Desemba, lakini mdomo haujaguswa, namshukuru Mungu kwa yote mawili. Ziwa limekuwa la sangara tu. Wale furu uliokuwa unawala ukija likizo, mpaka unalamba sahani, siku hizi tukiwapata watatu kwenye wavu tunaitana kuja kuwaangalia. Sabuni imerudi madukani, sukari imerudi, hata betri za redio zipo. Sasa pesa ndiyo imeenda kujificha kule sabuni ilikokuwa.

Nimesikia umepangiwa kufundisha Bunda. Nilifurahi mpaka nikavaa viatu bila safari.

Sasa jambo lenyewe. Nimekwenda kwa daktari wa macho Musoma. Anasema ni presha ya macho, si mtoto wa jicho, kwa hiyo hakuna cha kukata. La kushoto limeshazima. La kulia nina mwaka, au mwaka na kidogo. Amenipa dawa ya matone na akanishika bega, na daktari akikushika bega ujue.

Nimekaa nikajiuliza, Leodgar, jicho lililobaki unalitumia kwa kazi gani? Nikajijibu: vitabu vyangu vya karata. Unavikumbuka. Vilikuwa ishirini na vitatu, vyote vya poka na kamari, nilivikusanya miaka kumi na tisa, vikaliwa na mchwa pale Buswahili kwa marehemu mama yako. Nataka nivikusanye tena. Siyo vyote, hata kumi vinanitosha. Nasikia huko Bunda parokia inapokea maboksi ya vitabu kutoka ng'ambo, na marobota ya mitumba nayo wanasema hutoka na vitabu katikati ya makoti. Wewe una macho mawili na Kiingereza cha shule. Nitafutie.

Usiwaze kwamba mjomba wako amekuwa mcheza kamari uzeeni. Sijawahi kuweka mezani hata yai la kuku. Mimi, Magige na Mayala tunachezea mbegu za pamba, na jioni mbegu zinarudi kwenye kopo. Ni kusoma tu ndiko nakopenda.

Sikupata kukwambia vizuri habari ya kutokufika msibani kwa mama yako mwaka ule wa themanini na nne. Dizeli ilikuwa haipo, unajua mwenyewe.

Nakuombea wanafunzi wenye akili na mkuu wa shule asiye na maneno.

Mjomba wako,
Leodgar Burito


Bunda,
28 Februari 1988

Mjomba,

Shikamoo, na hii nyingine weka akiba. Mama Eufrasia naye shikamoo, goti nalo shikamoo.

Mimi sijambo. Nakaa chumba kimoja na mwalimu mwenzangu Wankyo, msichana wa watu, ila anapika ugali mgumu unaweza kujengea. Darasa langu la tatu lina watoto themanini na wanne na madawati kumi na moja. Chaki tunazikata vipande vitatu. Pamba mwaka huu imekubali, wazazi wengi wako shambani na watoto wanawafuata huko huko, kwa hiyo siku za palizi ninapata nafasi hata ya kutembea darasani.

Habari ya macho yako imenikaa vibaya kifuani. Niliisoma barua mara mbili, nikaikunja, nikashindwa kusahihisha madaftari siku ile. Usiache matone, Mjomba. Nakujua.

Kitabu kimoja nimekipata, na ngoja nikusimulie. Maboksi yalifika parokiani mapema mwezi huu na tukaitwa walimu kuyapanga. Mama Dorotea, mwenyekiti wa WAWATA, wale wanawake Wakatoliki, ndiye alikuwa anasimamia. Akatoa kimoja chenye picha ya mzungu wa kofia pana ameshika karata tano, akakishika kwa vidole viwili akiwa amekinyoosha mbali na mwili kama panya aliyekufa. "Hiki cha kuwashia jiko," akasema. Nikaruka. "Mama, hicho ni cha hesabu!" Akaniangalia. Nikafungua katikati, na kweli kulikuwa na jedwali, ukurasa mzima tarakimu tupu, mara ngapi kati ya mia utapata nini. Nikamwambia ni hesabu za sekondari, za uwezekano. Akasema basi hao wazungu hesabu zao zinahitaji kofia kubwa. Nikapewa.

Nimemkabidhi Thadeo fundi redio, anakuja Musoma wiki ijayo kuchukua vipuri. Kimefungwa kwenye kanga, kanga naomba irudi.

Lile sanduku lako la vitabu vya zamani, mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki vizuri.

Mpwa wako,
Justina


Kiriba,
20 Machi 1988

Mpwa wangu Justina,

Kanga inarudi na sato wawili wakavu ndani yake. Ukiifungua usishtuke. Eufrasia anasema ahsante kwa salamu za goti.

Huku tumepata msiba mdogo wa mbuzi. Fisi amechukua yule jike mwenye madoa, na Magige anadai fisi huyo anatumwa. Nikamuuliza anatumwa na nani kula mbuzi wa mtu maskini hivi? Amenuna siku tatu.

Justina, kitabu! Nilikipokea kwa Thadeo nikakinusa kwanza. Kinanuka boksi. Nimekisoma mara moja na nusu, nimekaa nje pale kwenye jiwe mwanga ukiwa mkali, jicho nimelisogeza mpaka pua inagusa karatasi. Mwandishi ni mtu wa majivuno. Kila mkono anaosimulia ameshinda yeye. Mtu aliyecheza miaka thelathini bila kusimulia hata siku moja aliyopigwa, huyo hachezi, huyo anaandika tu. Lakini sura ya nane ni nzuri. Anaeleza namna ya kuuzuia uso usiseme ulichoshika mkononi. Niliisoma taratibu, nikairudia.

Imenirudisha mgodini. Sidhani nimewahi kukusimulia vizuri. Nilikuwaga mhudumu kwenye klabu ya Wazungu, shati jeupe, mkanda mwekundu, sinia mkononi. Jumamosi walikuwa wanacheza poka meza ya pembeni na mimi kazi yangu kusimama nyuma yao. Wewe fikiria, mtu unasimama unaona karata za wote wanne na huruhusiwi hata kukohoa. Niliujua uongo wa kila mmoja wao. Kulikuwa na injinia mmoja tuliyemwita Bwana Mwavuli, maana alitembea nao hata kiangazi. Siku moja alinikuta nachungulia kitabu chake. Badala ya kunifukuza akaniambia kisome, ukimaliza niambie kimesema nini. Ikanichukua miezi saba na kamusi, na nilipomaliza akanipa kiwe changu. Kiingereza changu chote nimekipata kwenye kitabu cha kamari, ndiyo maana nikiongea na Paroko ananitazamaga. Mgodi ulipofungwa wakaondoka, Bwana Mwavuli akaniongezea viwili. Ndivyo vilivyoanza. Vingine nilivinunua kwa mabaharia pale bandarini, vingine kwa Mhindi wa duka la vitambaa alipokuwa anafunga virago.

Na mama yako. Alikuwa anakuja mgodini na kapu la samaki, akiuza kwenye nyumba za wafanyakazi, akimaliza anakuja kwangu tunacheza. Dafroza hakujua a wala be. Nilimfundisha poka kwa maneno matupu, kopa hii, shupaza hii, hizi tano zikifuatana zinaitwa hivi. Wiki ya pili akaanza kunifunga. Mimi nasoma vitabu, naweka alama, nafanya hesabu, yeye anatafuna muwa na ananifunga! Siku moja nikamlazimisha aniambie siri. Akasema, "Ukipata karata nzuri masikio yako yanarudi nyuma kama ya mbuzi." Sikuamini. Nilisimama mbele ya kioo cha klabu na ree nne mkononi. Kweli yanarudi.

Akinifunga nilikuwa naandika pembeni ya ukurasa, kwenye kile kitabu cha jalada la kijani, cha kwanza kabisa. "D. amenifunga hapa." Na tarehe. Kilijaa kile kitabu.

Aliwahi kukwambia lolote kuhusu hicho cha kijani? Nauliza tu.

Mjomba wako,
Leodgar


Bunda,
2 Julai 1988

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilipata malaria, halafu mitihani, halafu Wankyo alifiwa na bibi yake Ikizu tukaenda. Sababu ni nyingi na zote za kweli, ila najua ukiziona zimepangwa hivi utatabasamu.

Sato walikuwa watamu. Tulimficha jirani.

Mnaendeleaje? Magige ameacha kununa? Matone unaweka? Huku jua limekuwa kali na vumbi la barabara ya Musoma linaingia mpaka kwenye chumvi. Wanachonga ile barabara, mabasi yameongezeka, siku hizi mtu unaweza kuchagua upande basi gani na umkatae kondakta gani.

Nimepata viwili. Kimoja kilitoka kwenye robota, muuza mitumba alikuwa anakitumia kuzuia mguu wa meza. Ni kidogo, chembamba, kinahusu mchezo wa kamari wa melini. Cha pili sijui nikueleze vipi. Nilikikuta sokoni kwa mama anayeuza karanga. Jalada halipo, na kurasa za mwanzo mpaka ya arobaini hazipo, ameshazifungia karanga. Alikuwa ananichania nyingine mbele yangu nikamshika mkono. Nilimshika kwa nguvu, Mjomba, mpaka akaogopa. Nikanunua kilichobaki. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na karanga sikuzila.

Vyote viwili anakuja navyo Thadeo.

Uliniuliza habari ya cha kijani. Mjomba, nakuomba usiniulize tena habari ya lile sanduku. Nitakutafutia vingine. Nitakutafutia mpaka vifike ishirini na vitatu, niache nikutafutie tu.

Justina


Kiriba,
24 Julai 1988

Mpwa wangu,

Sikuulizi.

Eufrasia mzima. Magige aliacha kununa, kisha kanuna tena kwa habari nyingine. Mabasi hata huku tunayasikia. Zamani tulikuwa tunasikia lori tunatoka nje kuliangalia.

Vitabu nimepokea, sasa ni vitatu kamili, kama alivyoniachia Bwana Mwavuli. Hicho kisicho na kichwa nakipenda kuliko vyote. Kinaanzia katikati ya sentensi, mtu anainuka mezani amekasirika, sijui kwa nini.

Jicho linazidi. Herufi za magazeti zimenishinda, za vitabu bado naziona asubuhi. Kwa hiyo nimeamua mapema nisije nikakuta giza linaniamulia. Vitabu hivi, na vingine utakavyoleta, ni vyako. Unajua kwetu ilivyo, cha mjomba kinakwenda kwa mpwa, ndivyo nilivyorithi mimi panga na ngozi ya mjomba wangu. Nimemwambia katekista aandike na ameandika, ingawa kwenye neno "kamari" alisimama kidogo akauliza kama nina hakika. Na likizo uje unisomee. Nitakuwa nimekaa tu.

Hiyo ndiyo barua yote. Mkono unachoka.

Leodgar


Bunda,
15 Agosti 1988

Mjomba,

Shikamoo. Leo ni Kupalizwa Bikira Maria, nimepewa ruhusa, nimekwenda misa ya kwanza na nimerudi kukuandikia kabla sijaghairi. Mimi mzima, Wankyo mzima.

Huwezi kunirithisha. Ukishasoma hapa utamwita katekista afute.

Hakukuwa na mchwa.

Mwaka themanini na moja, ulipokuwa unajenga Kiriba na mabati hayapatikani, ulituletea sanduku Buswahili ukasema nitalichukua nikipaua. Mwaka huohuo nikafaulu la saba. Nilikuwa msichana wa pekee kijijini, unakumbuka Mama alivyopiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kisha ikaja karatasi ya shule. Godoro, ndoo, blanketi, shuka nne, jembe, sanduku la bati. Baba alikuwa ameshafariki, pamba yetu ile imelala ghalani haijalipwa, ng'ombe hatuna. Mama alizunguka mpaka Butiama na Kiabakari, kote watu wanamwambia dada, hata sisi.

Alikuwa anauza karanga stendi ya Butiama na kufungia hakuna. Magazeti hayapatikani, daftari hazipatikani, watu walikuwa wanafungia kwa majani ya mgomba. Mwenye karatasi alikuwa na biashara. Siku moja alifungua sanduku lako akaniita. Akaniuliza, "Hivi vyote vinahusu nini?" Mimi ndiye niliyejua kusoma. Mimi! Na nikamjibu, "Ni vya kamari tu."

Nilisema "tu", Mjomba. Nililitaka godoro.

Mama akasema, cha mjomba wako si ni chako? Kwetu mpwa akichukua kwa mjomba nani anaita wizi? Kama anauliza mimi nimruhusu. Nikamwambia ndiyo Mama, ni changu. Tulianza siku ile. Mimi nilikuwa nachana, nazungusha pakiti, nakunja chini, yeye anajaza. Tuliuza kuliko wote. Kurasa zenye picha za mfalme na malkia watoto walikuwa wanazigombania, kwa hiyo nilizitoa kwanza hizo. Karatasi nyingine tuliwauzia akina mama wa Musoma wanaokuja gulioni. Cha kijani nakikumbuka. Kilikuwa kimeandikwa pembeni kwa kalamu ya wino, sikusoma kimeandikwa nini. Karatasi yake ilikuwa nzito, ilishika mafuta vizuri.

Vilikwisha kabla ya Krismasi. Nikaenda shule na godoro jipya, na sanduku lako nililibeba nalo, maana lilikuwa kwenye orodha. Liko hapa chini ya kitanda, ndani ni nguo zangu. Hicho cheti cha ualimu ulichovalia viatu ndipo kilipotoka.

Mama ndiye aliyesema mchwa. Alisema atakwambia mwenyewe, muda ukipita, akikupikia kitu kizuri. Hakuupata muda huo.

Wewe ndiye uliyebaki upande wa Mama. Ukininyamazia sina mwingine wa kuniita mpwa. Lakini siwezi kurithi vitabu vya mtu niliyemchania vitabu.

Justina


Kiriba,
6 Novemba 1988

Justina mpwa wangu,

Najua umehesabu wiki. Ni kumi na mbili. Barua hii nimeianza mara tano, na mara zote nilifika kwenye habari za goti la Eufrasia nikasimama. Leo sianzi na goti. Herufi zimekuwa kubwa hivi kwa sababu ndogo sizioni.

Nilijua.

Desemba ile ile, themanini na moja, nilikuwa stendi ya Musoma nasubiri lori la Kiriba. Nikanunua karanga. Nikala, nikazungusha pakiti nione kama zimebaki chini, nikaona wino. Mwandiko wangu. "D. amenifunga hapa, na karata mbovu, 3/5/64." Nilisimama pale stendi mdomo umejaa karanga. Nikamrudia yule mama, nikanunua nyingine, ukurasa wangu. Nikaenda kwa mwingine. Nilinunua karanga za stendi nzima siku ile, watu wakadhani nina harusi. Wiki iliyofuata nikarudi. Niliendelea mpaka Februari. Nimepata kurasa sitini na moja, nimezishona kwa uzi wa nyavu, zinanuka mafuta mpaka leo. Eufrasia hataki kuona karanga.

Kwa hiyo dada aliponiambia mchwa, nilishajua mchwa hawafungi karanga. Ndipo nikautumia ule uso wa vitabuni. Nikamwambia, "Pole dada, mchwa wa Buswahili ni wabaya." Aliniangalia masikio. Halafu akakohoa, akaenda kunichinjia kuku. Nadhani alijua kwamba nimejua. Tulikula yule kuku wote watatu, na wewe ukiwepo, tukiongelea mvua.

Sikukasirika kwamba mliuza. Wewe chukua hata nyumba, ni ya mpwa. Nilikasirika kwamba amekiuza kile chenye jina lake. Nilijiambia, miaka yote ile mimi naandika dada amenifunga, dada amenifunga, yeye anafungia karanga. Nikasahau kwamba hakujua kusoma. Hakuna aliyewahi kumsomea, hata mimi sikumsomea. Hasira ya kijinga ndiyo huchelewa kutoka. Nikaacha kwenda Buswahili. Kila akituma mtu nasema mwakani.

Sasa lile lenyewe. Mwaka themanini na nne ilipokuja habari kwamba Dafroza amefariki, dizeli ilikuwepo. Lori la samaki lilikuwa linakwenda, dereva ni Boniphace, unamjua. Alikuja mpaka mlangoni kwangu akapiga honi mara tatu. Watu wa Kiriba walikuwa wameshapanda nyuma, wamebeba unga. Nilikuwa nimevaa koti. Nikamwambia Eufrasia toka umwambie nimekwenda ziwani. Akaniangalia kwa namna ambayo sitaki kuiandika. Akatoka akasema. Nikakaa kitandani na koti langu nikasikia lori linashika mlima.

Kwa ajili ya karatasi, Justina. Dada yangu tumbo moja amezikwa bila kaka, na kwetu kaka ndiye anatupa udongo wa kwanza. Alinidanganya mchwa, nami nikamdanganya dizeli, ila yeye alidanganya ili mwanawe asome.

Habari ya vitabu ilikuwa ya kweli, navipenda. Lakini kila barua niliyokuandikia mwaka huu nilikuwa nataka kusema hili nikaandika habari ya vitabu. Hata wosia ni hivyo hivyo. Nilitaka nikulipe bila kukwambia nalipa nini.

Jicho linaona kivuli na rangi, asubuhi mpaka saa nne. Kaburi la dada sijawahi kuliona. Kama utaniruhusu, nipeleke kabla halijawa la kupapasa.

Leodgar


Bunda,
20 Novemba 1988

Mjomba,

Shikamoo.

Nimelia, na nimekukasirikia mpaka Wankyo amekimbilia kwa jirani. Nilitupa barua yako, nikaiokota, nikaitupa. Bado nimekasirika ninavyoandika hapa. Sitakwambia haidhuru, kwa sababu inadhuru.

Ngoja na mimi nikwambie usichokijua. Tulikusubiri. Mama alikuwa azikwe saa saba, wazee wakasema Leodgar hajafika. Saa tisa ikafika, jeneza liko nje, tunalifunika kwa matawi jua lisilipige. Lori la Boniphace lilipofika bila wewe watu wako wenyewe wa Kiriba walikutetea. Walisema alikuwa ziwani, habari haijamfikia, na huko ziwani dizeli ya kumfuata mtu utaitoa wapi. Padri akasema dizeli kweli ni tatizo la taifa. Hakuna hata mmoja aliyekusema vibaya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nilimwambia kila aliyeuliza kwamba mjomba wangu angekuja hata kwa miguu kama angejua.

Ilipofika saa kumi na moja baba mdogo Werema akaitwa ashike nafasi yako. Alikataa kwanza. Halafu akachota udongo, na kabla hajautupa akasema kwa sauti watu wote tukasikia: "Huu ni wangu. Wa Leodgar nauacha, atakuja kuutupa mwenyewe."

Shule inafungwa tarehe mbili Desemba. Panda basi la asubuhi la tarehe tatu, linatoka Musoma saa moja, linafika Bunda saa tatu, nitakuwa nimesimama stendi. Siku hiyo hiyo tunageuza kwenda Buswahili, tulale kwa Werema, ili saa kumi na mbili asubuhi jicho likiwa na nguvu tuwe tumeshafika kaburini. Sijui kama nitakuwa nimekusamehe tukifika. Nitakushika mkono, kwa kuwa njia ina mawe.

Mjomba, udongo wako bado haujatupwa. Njoo.

Mpwa wako,
Justina